Malkia ametolewa, mfalme amekamatwa
Mchezo mmoja wa sataranji, na mafundisho yake kwa jamaa zetu

Ndugu msomaji, wewe uliye Kasongo mjini, wewe uliye kule Kabambare karibu na mashimo ya Namoya na Salamabila, na nyinyi wa Kalima na Kampene pia: mwezi huu tutakaa pamoja mbele ya ubao wa mchezo. Usigeuze ukurasa haraka. Mama, na wewe ukae hapa. Jambo hili si la wanaume peke yao.

Kila mahali penye machimbo tunawaona vijana, jua likianza kushuka, wamezunguka ubao wa dama. Ubao umechorwa kwa makaa, na kete ni vizibo vya chupa. Mchezo wenyewe hauna ubaya. Unatuliza mwili uliochoka, tena unanoa akili. Lakini mambo mawili yanauharibu. La kwanza ni feza: kijana anaweka juu ya ubao kazi ya juma nzima, na mtoto nyumbani hana dawa. La pili ni hasira: anayeshindwa anapindua ubao, matusi yanaanza, na mara ngumi.

Ndiyo sababu tumechagua mchezo mmoja uliochezwa kati ya watu wawili wa klabu, wenye nguvu wote wawili. Walipigana vikali juu ya ubao. Mmoja alishindwa vibaya kabisa, mbele ya watu. Tutafuata hatua zao moja kwa moja, tuone alianguka wapi, na tuone alifanya nini alipokwisha kuanguka.

SATARANJI NI NINI?

Waliosoma Kifaransa wanauita échecs. Katika Kiswahili jina lake la zamani ni sataranji. Mchezo ulitoka India, ukapita kwa Waajemi na kwa Waarabu, na jina likafika pwani yetu ya mashariki. Kiswahili chenyewe nacho kilitoka pwani ile, kikaja kwetu pamoja na misafara iliyofika Kabambare, Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19. Basi neno hili si la kuogopa, ni la lugha yetu.

Ubao una vyumba 64, vinane kwa vinane. Vyumba vinaitwa kwa herufi na namba: herufi a mpaka h tangu mkono wa kushoto wa mweupe, na namba 1 mpaka 8 tangu upande wake. Kila mmoja ana watu 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, minara miwili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. (Wenye kusema Kifaransa wanamwita askofu yule mwenda wazimu. Sisi wachungaji tusicheke sana!)

Mnara anakwenda moja kwa moja. Askofu anakwenda mshazari. Malkia anakwenda njia zote mbili, mbali anavyotaka, kwa hiyo yeye ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Farasi anaruka: vyumba viwili mbele na kimoja pembeni, hata kama watu wamesimama njiani. Askari anakwenda mbele chumba kimoja, au viwili mara ya kwanza, na anakula mshazari. Mfalme anakwenda chumba kimoja tu. Hapa kuna tofauti kubwa na dama: hakuna anayeshinda kwa sababu amekula kete nyingi. Anashinda yule anayemfunga mfalme wa mwenziwe hata asipate pa kukimbilia. Hapo wanasema mati, na mchezo umekwisha.

Wachezaji wana desturi ya kuwapa watu bei. Askari ni 1, farasi ni 3, askofu ni 3, mnara ni 5, malkia ni 9. Shika bei hizi katika akili, tutazihitaji.

WACHEZAJI WENYEWE

Ilikuwa London, Uingereza, tarehe 29 Oktoba 1912, katika klabu ya sataranji ya mji ule, City of London Chess Club. Mchezaji wa kwanza, mwenye watu weupe, alikuwa Edward Lasker, kijana wa miaka 26. Alikuwa injinia aliyetoka Ujerumani, mgeni mjini, na Kiingereza bado kilimshinda. Wa pili, mwenye watu weusi, alikuwa George Thomas, mwenye miaka 31, Mwingereza wa jamaa kubwa. Mama yake pia alikuwa mchezaji: alishinda mashindano ya wanawake kule Hastings mwaka 1895. Thomas mwenyewe alikuja kuwa bingwa wa Uingereza mara mbili, mwaka 1923 na 1934. Basi usifikiri kwamba mgeni yule alimpata mtu dhaifu.

Haukuwa mchezo wa kombe. Ulikuwa mchezo wa jioni ya klabu, wa haraka. Lakini mchezaji wa kweli hachezi kwa kulegea hata jioni.

MWANZO: HATUA YA 1 MPAKA YA 9

Kama una ubao, panga watu ufuate. Mweupe anatangulia kila mara.

1. d2-d4, e7-e6. 2. Farasi g1-f3, askari f7-f5. 3. Farasi b1-c3, farasi g8-f6. 4. Askofu c1-g5, askofu f8-e7. 5. Askofu anamla farasi pale f6, na askofu mweusi anamla yeye pale pale. 6. e2-e4, na askari mweusi wa f5 anamla askari yule. 7. Farasi wa c3 anamla naye pale e4, mweusi b7-b6. 8. Farasi f3-e5; mweusi anamficha mfalme: mfalme anahamia g8 na mnara f8, wote kwa hatua moja, sheria inaruhusu. 9. Askofu f1-d3, askofu c8-b7.

Tusimame hapa. Ukihesabu, kila mmoja amepoteza sawasawa na mwenziwe. Thomas anaonekana vizuri: mfalme yuko pembeni, askofu wake wa b7 anamtazama farasi mweupe wa e4, na yule wa f6 anamtazama farasi wa e5. Mtu akipita haraka atasema, haya, wako sawa.

Lakini tazama tena. Askari wa f7 aliondoka mapema, hatua ya pili, na mlango karibu na mfalme umebaki wazi. Farasi wote wawili wa Lasker wamesimama katikati. Askofu wake wa d3 anatazama njia inayokwenda moja kwa moja mpaka h7, mlangoni mwa mfalme, na kizuizi cha njia ile ni farasi wake mwenyewe tu. Upande wa Thomas, mnara wa a8 na farasi wa b8 hawajatoka nyumbani hata chumba kimoja. Hesabu ya bei iko sawa. Hesabu ya wanaofanya kazi haiko sawa hata kidogo.

KOSA: HATUA YA 10

Lasker anamleta malkia: d1-h5. Anatisha nini? Anataka farasi wa e4 amle askofu pale f6 na kumtisha mfalme. Mweusi akilipiza, njia ya askofu wa d3 imefunguka, na malkia anaingia h7: mati.

Thomas aliliona tishio hili. Si kwamba alilala. Akamsogeza malkia wake d8-e7. Sababu yake ilikuwa nzuri: farasi akila f6, askari wa g7 atalipiza, na malkia wa e7 atalinda h7 kwa njia ya mstari uliofunguka. Ndivyo anavyofikiri mchezaji mwenye akili. Aliona hatari moja, akaizuia vizuri.

Shida ni kwamba hatari zilikuwa mbili. Wachambuzi walisema baadaye kwamba ilimpasa kwanza amle farasi wa e5 kwa askofu wake wa f6. Angepunguza adui mmoja karibu na mlango, na vita ingeendelea. Lakini aliuliza tu, anataka kufanya nini? Hakuuliza mara ya pili: na ni nini tena?

MALKIA ANATOLEWA: HATUA YA 11 NA YA 12

11. Malkia wa h5 anamla askari pale h7! Mfalme ametishwa. Malkia huyu hana anayemlinda, na mfalme anamla. Fikiri wewe ungekuwa umesimama pale: mtu anatoa 9 kupata 1! Kwetu tungesema, huyu amelewa.

12. Farasi wa e4 anamla askofu pale f6. Sasa mfalme ametishwa na wawili mara moja: farasi mwenyewe, na askofu wa d3 ambaye njia yake imefunguka. Ukitishwa na mmoja, unaweza kumla au kuziba njia. Wakiwa wawili, huwezi kumla mmoja ukawa umemaliza na mwingine. Ni lazima mfalme akimbie. Na njia ni mbili tu. Akirudi pembeni h8, farasi wa e5 anaruka g6, na ni mati papo hapo. Basi Thomas akachagua ile nyingine: h6. Alipigana mpaka mwisho.

Tuhesabu tena. Lasker amelipa 9. Amepata askari na askofu, yaani 4. Bado ana deni la 5. Kwa mizani ya mnunuzi, amepata hasara.

SAFARI YA MFALME: HATUA YA 13 MPAKA YA 18

13. Farasi e5-g4, anatisha. Mfalme hana njia isipokuwa g5. 14. Askari h2-h4, anatisha. Mfalme f4. 15. Askari g2-g3. Mfalme f3. 16. Askofu d3-e2. Mfalme g2. 17. Mnara h1-h2. Mfalme g1.

Unaona? Kila mara chumba kimoja tu kimebaki wazi, na mfalme anaingia ndani yake kwa sababu hana namna. Ametoka nyumbani kwake, amevuka ubao mzima, sasa amesimama mstari wa mwisho wa adui, katikati ya jamaa ya mwenziwe, peke yake. Na walinzi wake? Malkia wake yuko e7, mzima, hana kidonda. Minara miwili ipo. Mnara wa a8 na farasi wa b8 bado wamekaa pale pale walipopangwa mwanzo. Mali yote iko nyumbani, na bwana wa nyumba anakufa barabarani.

18. Mfalme mweupe e1-d2. Mati.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayotupendeza kuliko zote. Mfalme mweupe hakumpiga mtu. Alisogea pembeni chumba kimoja, na mnara wa a1, aliyekuwa amekaa kimya nyuma yake tangu mwanzo, akapata njia mpaka g1. Mkubwa alijiondoa njiani ili mdogo afanye kazi yake.

Tena, usifikiri kwamba mshindi hakukosa kitu. Katika hatua ya 14, kama angemsogeza askari f2-f4 pahali pa h2-h4, angefunga mchezo hatua moja mbele, yaani ya 17. Hata katika mchezo uliosifiwa zaidi ya miaka mia, mshindi aliacha njia fupi akapita njia ndefu.

BAADA YA MATI

Sasa tufike kwenye neno lililotufanya tuandike. Thomas alikuwa kwao, mbele ya rafiki zake. Ameshindwa na mgeni asiyejua hata lugha, kwa hatua 18, na mfalme wake ametembezwa uwanja mzima kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Alifanya nini? Alimsifu mgeni, akamwambia kwamba mchezo ulikuwa mzuri. Lasker hakufahamu Kiingereza, ikabidi mtu aliyesimama pale amtafsirie. Lasker mwenyewe aliandika miaka mingi baadaye kwamba neno lile lilimgusa moyo.

Na maisha ya wote wawili hayakuishia pale. Lasker alihamia Marekani, na katika miaka ya 1920, kwa kazi yake ya injinia, alitengeneza mashini ya kukamua maziwa ya mama kwa ajili ya watoto wachanga wasioweza kunyonya. Thomas alikuwa bingwa katika mchezo wa badminton pia, na kombe la dunia la timu za wanaume katika mchezo ule linaitwa kwa jina lake, Thomas Cup, tangu mashindano ya kwanza ya 1948-1949. Aliyeshindwa jioni ile hakuangamia. Kushindwa mchezo si kushindwa maisha.

MAMBO YA KUPELEKA NYUMBANI

Kwanza, uzito si nguvu. Kwetu katika machimbo tumezoea kupima. Dhahabu inapimwa hata kwa kijiti cha kiberiti, na mwenye nzito ndiye mkubwa. Lakini Thomas alikuwa na watu wazito zaidi wakati alipokufa. Jamaa yenye gramu chache, ikiwa baba, mama na watoto wanakwenda pamoja, inapita jamaa yenye nyingi ambayo kila mmoja anavuta njia yake.

Pili, nani amebaki a8 na b8 katika nyumba yako? Wababa wengi wanaamua peke yao: anauza mbuzi, anaingia deni la mwenye shimo, anahamia chantier nyingine, na mama anasikia habari kwa majirani. Halafu mambo yakiharibika anasema, sikuwa na msaada. Papa, msaada ulikuwa ndani ya nyumba. Wewe hukuutoa.

Tatu, uliza mara mbili. Anayekukopesha vyombo na chakula cha shimoni, tishio la kwanza unaliona: faida yake. Uliza tena: na ni nini tena? Dhahabu ikikosekana, nani atalipa? Shamba la nani limewekwa rehani?

Nne, ukishindwa, msifu mwenzio. Haigharimu kitu.

«HUU MUCHEZO IKO YA BAZUNGU»

Najua vijana watasema: «Pasta, huu muchezo iko ya bazungu, sisi tutaupata wapi?» Nitawajibu kwa habari ya jirani zetu wa Uganda. Katika mtaa wa Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala, mwalimu Robert Katende, akifanya kazi na shirika la Kikristo Sports Outreach, alianza kuwafundisha watoto sataranji mwaka 2004. Mwaka 2005 msichana mmoja, Phiona Mutesi, alimfuata kaka yake pale kwa sababu ya uji. Shuleni alikuwa ameacha kwa kukosa karo. Alijifunza mchezo, akaiwakilisha nchi yake ngambo, na mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa cha wanawake katika mashindano ya Istanbul. Habari yake iliandikwa kitabu mwaka ule ule, na mwaka 2016 ikatolewa filamu.

Na ubao? Chukua karatoni, ukate upana na urefu sawa, uigawe vyumba vinane kwa vinane, upake makaa chumba kimoja na kuacha kimoja, chumba cha pembeni mkono wako wa kuume kiwe cheupe. Kusanya vizibo 32, 16 vya rangi moja na 16 vya rangi nyingine. Andika juu ya kila kimoja: MF kwa mfalme, ML kwa malkia, MN kwa mnara, AS kwa askofu, F kwa farasi. Askari waache bila neno. Feza haikutoka hata moja. Na feza isikae juu ya ubao ule kamwe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika hatua ya 10, Thomas aliona tishio moja na kukosa la pili. Mwaka huu, ni tishio gani la pili ambalo jamaa yetu haijaliuliza?

2. Nani kati yetu hajapewa nafasi ya kutoka chumba chake?

3. Mara ya mwisho uliposhindwa, neno lako la kwanza lilikuwa gani?